Waya Mweusi Si wa Kurudi

Habari za kifo cha Barasa zilinikuta nikila ndizi, na niliimaliza. Nalisema hili mapema ili msomaji asinidhanie vingine. Aliyenipigia simu ni mkewe, sauti imemkauka kwa kulia, akaniambia mazishi ni Jumamosi nyumbani kwao Matulo, na kwamba familia imeamua mimi niseme machache kwa niaba ya wafanyakazi wenzake wa zamani. "Alikuwa anakutaja sana," akasema. "Hata akiwa kitandani alisema nikuite. Nilikupigia mara mbili, mama, ukasema angoje." Ni kweli, nilisema angoje. Mara ya kwanza nilikuwa na kazi. Mara ya pili sikuwa na kazi yoyote, nilikuwa nimeketi nikichambua mboga, na bado nikasema mwambie angoje. Mjane yule hakunilaumu, aliniuliza tu kama nitafika. Nikamwambia nitafika, kisha nikaenda kufungua droo ya chini ya kabati, mahali ninapoweka kopo kuukuu la majani ya chai. Ndani ya kopo hilo mna kichwa cha waya wa kamera, kipande cha plastiki na pini ndogondogo, ambacho upande wake mmoja umeungua na kushikana kama ukoko wa ugali. Nimekaa na kipande hicho miaka mingi kuliko niliyokaa na mume. Nikaona kichwani hema lililojaa watu wa Barasa, kipaza sauti, na mimi nimesimama nimekiinua juu wakione. Nilifurahi. Sina neno lingine la kuita nilichokihisi.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule ambao kila mtu alikuwa ameanza kukwaruza kadi za simu kwa kucha, nami nilikuwa na miaka ishirini na minne na cheti changu cha umeme bado kinanuka karatasi mpya. Kiwanda kimoja cha mbegu Kitale kilinichukua. Nilipanga chumba kwa Mama Njeri, mwanamke wa Kiambu aliyekuja Trans-Nzoia na mumewe na kubaki na nyumba sita za kupangisha na biashara ya githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Chumba changu kilitenganishwa na jiko lake kwa mbao tu. Asubuhi baridi ya mlimani iliingia chini ya mlango, maji ya kunawa yaliuma meno, na kabla sijafungua macho vizuri nilikuwa nimeshasikia sufuria la githeri likitokota na Mama Njeri akimweleza dada yake habari zangu. "Huyo msichana analala na waya kitandani, nakwambia. Si mpira, si doli, ni waya." "Labda ni uganga." "Uganga gani, ni masomo." Alisema kweli. Nilikuwa nikichukua vipande vya nyaya vilivyotupwa kazini na kufanya mazoezi ya kuvimenya ganda bila kukata nyuzi za ndani, hadi shuka zangu zikajaa vijiganda vya rangi zote. Nilitaka kuwa fundi mzuri kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote duniani, na nilitaka watu wajue.

Kiwandani mbegu za mahindi zilifungwa kwenye pakiti, na kila pakiti ilitakiwa kuwa na mhuri wa namba. Zamani kazi ya kutazama mhuri ilifanywa na akina mama wa kutoka Saboti waliokaa kando ya mkanda wakikodoa macho kutwa nzima. Mwaka huo zikaletwa kamera. Zilikuwa ndogo, kila moja inatosha kiganjani, na mtu asiyezijua angeweza kuzidharau. Kamera ya namna hiyo ina mambo mawili ya kusikia na kusema. Kuna waya unaoleta habari: kijicho kilicho kando ya mkanda kinaona pakiti imefika, kinaiambia kamera piga picha sasa. Na kuna waya unaopeleka habari: kamera ikiona mhuri haupo, inaambia mkono wa chuma unaosukumwa kwa hewa, sukuma hiyo nje. Nyaya zenyewe ni nyembamba kama uzi wa kushonea viatu, na hazina uvumilivu. Nguvu ikipita pasipotakiwa, hazikupi onyo wala nafasi ya pili.

Aliyekuwa mkubwa wa umeme pale ni Barasa. Alikuwa mtu wa makamo, mpana, mcheshi, na nitamtendea haki hapa kwa sababu sitamtendea kwingine: alikuwa fundi kweli. Nyumba nyingi kati ya Webuye na Kitale ziliwaka taa kwa mikono yake, na pampu za visima, na mashine za posho. Kazi yote hiyo aliifanya kwa sheria moja ambayo aliikariri akiwa kijana na ambayo haikuwahi kumwangusha: nyekundu inaleta, nyeusi inarudisha, kijani inashuka ardhini. Kwa nyaya za nyumba za siku zile hakukosea. Lakini kamera hazikutengenezwa na watu waliojua nyumba za Webuye. Katika sanduku mlikuwa na karatasi ya kurasa tatu iliyoeleza kila waya, na Barasa aliifungia mandazi. Niliiokota chini ya meza ya kantini, ina madoa ya mafuta, nikaisoma nikiwa nimesimama. Kahawia inaleta. Buluu inarudisha. Nyeupe inasikia. Nyeusi ndiyo inayosema, ndiyo ya kuamrisha mkono, na wala hairudishi chochote.

Nilimfuata pale kwenye sanduku la swichi, tayari ameushika waya mweusi ameuelekeza kwenye skrubu ya kurudishia. "Fundi," nikamwambia, "karatasi inasema nyeusi siyo ya kurudi hapa. Ni buluu." Hakugeuka. "Kalatasi ni ya wanafunzi. Mimi nyeusi nimeijua kabla wewe hujazaliwa." "Lakini hii si ya nyumba." "Umeme ni umeme, msichana. Reta hiyo tepu." Nikaleta tepu. Akakaza waya mweusi kwenye skrubu ya kurudi, na ule wa buluu, ambao ndio hasa ulikuwa njia ya umeme kurudi nyumbani kwake, akaupeleka kwenye koili, msokoto wa waya unaouamsha ule mkono wa chuma. Kisha akafanya alichokifanya kila siku. Barasa hakuwa akiandika. Alijua kuandika, ila alisema mikono yake ina grisi, na desturi ya pale ilikuwa mdogo wa kazi ndiye anayejaza kitabu cha kazi na kutia sahihi. "Andika wewe, mwandiko wako ni mzuri. Sema imeunganishwa na imepimwa." Haikuwa imepimwa. Mita ilikuwa kwenye begi lake, imelala. Niliandika imeunganishwa na imepimwa, nikatia sahihi yangu yenye mkia mrefu niliyokuwa najivunia. Hilo ni kosa langu na sijawahi kumbebesha mtu.

Swichi ilipobonyezwa, umeme ulitafuta njia ya kurudi, haukuiona, ukapita kwenye koili ya mkono. Mkono ukaruka wenyewe, paaa, juu ya mkanda usio na kitu. Kisha kichwa cha waya kikaanza kunuka ile harufu ambayo ukishaisikia hutaisahau, na moshi mwembamba ukatoka kwenye kamera iliyosafirishwa kutoka ng'ambo ikiwa imelazwa kwenye sponji. Meneja alikuja mbio na shati lililotoka nje ya suruali. Hakuuliza nani alifanya. Alifungua kitabu cha kazi, akasoma, akasoma sahihi, akaniangalia. Mimi nikamwangalia Barasa. Nilikuwa na hakika atasema, naapa. Sikufikiria hata kidogo kwamba hatasema. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Fundi, sema." Barasa akakuna shingo, akacheka kidogo, akamwambia meneja, "Hawa watoto wa college, bana. Ukigeuka dakika mbili tu, ati ameshaunganisha." Ndipo nilipofahamu kwamba mtu anaweza kukuua bila kukunja uso.

Nilifukuzwa alasiri hiyo hiyo, wakati wa chai. Nilipita kantini kuchukua kikombe changu, na nikiwa nimefika mlangoni nikasikia mmoja wa akina mama wa Saboti akimwambia mwenzake, bila ubaya wowote, kama anayetambulisha mgeni, "Si ndiye huyo alichoma kamera." Jina hilo lilinifuata. Niliomba kazi mahali pengine pawili Kitale, na kote walikuwa wamesikia. Kabla sijatoka getini nilipita kwenye pipa la taka nikaokota kile kichwa cha waya kilichoungua. Sikujua nakitakia nini. Mama Njeri alinipa githeri ya kubeba kwenye mfuko wa nailoni, akanifungia na kitambaa isipoe, na kupitia ukuta wa mbao nikamsikia akimwambia dada yake kwamba ukweli ni kuwa msichana alikuwa analia na waya mkononi, na haikuwa uganga.

Bungoma nilipata kazi kwenye kinu cha unga, kazi ya kutazama mota na mikanda, hakuna aliyeuliza maswali mengi. Nilikaa chumba cha barabara ya Kibabii ambacho unga ulikifuata kutoka kwenye nywele zangu hadi kwenye mto. Pale kinuni ndipo nilipompata Tabitha. Alikuwa amenizidi miaka saba au minane, alifanya kazi kwenye mkanda wa kufungia pakiti, na vidole vyake vilikuwa vya ajabu. Alikunja mdomo wa pakiti kwa miondoko mitatu, unga hata chembe haumwagiki, na Jumapili baada ya kanisa wanawake walipanga foleni kwake kusukwa nywele, mistari myembamba sana, watu walikuja hata kutoka Webuye. Mchana tulikula pamoja nyuma ya ghala, juu ya magunia. Alileta mrenda na ugali wa wimbi, au viazi vitamu na chai ya maziwa kwenye thamosi, na alinilisha kana kwamba amenizaa. Ni yeye mtu wa kwanza niliyemsimulia mambo ya Kitale. Alisikiliza hadi mwisho akilamba vidole, kisha akasema, "Huyo mtu atakutana na kitu yake, dada. Si lazima wewe ndio umpelekee." Nilisema sawa. Sikumaanisha.

Miezi michache baadaye mwenye kinu akatutangazia kwamba naye analeta kamera, aina ile ile, na kwamba amepata fundi anayezijua vizuri sana, anatoka Kitale. Barasa aliingia asubuhi ya Jumanne na begi lake la ngozi. Alinitambua, akasita kama anayetafuta jina, kisha akatabasamu. "Sasa, msichana wangu. Kumbe uko huku." Nikamwamkia, "Shikamoo, fundi." Akaitikia. Siku hiyo tulimkaribisha kula nyuma ya ghala kwa sababu mgeni halali njaa, na Tabitha akampakulia mrenda bila kujua ni nani, kwa kuwa sikuwa nimemtajia jina. Nilitaka kwanza kuona. Mwenye kinu alikuja akasimama hapo na kikombe chake akamuuliza kama kamera hizi si hatari, maana amesikia zinaungua. Barasa alimeza tonge. "Zinaungua kama fundi ni wa kuokotwa. Mimi sijachoma hata moja. Kule kwetu kuna kasichana karichoma, nikarekebisha." Alisema hivyo nikiwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, na hakuniangalia. Sidhani alitaka kuniumiza. Nadhani alikuwa ameisimulia hadithi hiyo mara nyingi mpaka akaiamini, na kama aliiamini basi kamera ya Kitale haikuwahi kumfundisha kitu. Baada yangu kamera za kule ziliunganishwa na watu kutoka Nairobi. Yeye hakuguswa na kosa lile hata kidogo, kwa hiyo alikuja nalo Bungoma likiwa zima.

Jumatano mchana kazi ilikuwa imekamilika. Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa swichi kubwa, na sheria ya kinu ilikuwa kwamba anayewasha ndiye anayetazama kwanza. Nikafungua kifuniko cha sanduku lake. Nilikuwa na mita mfukoni mwa dastakoti, na ile karatasi yenye madoa ya mafuta nilikuwa nimeshaijua kwa moyo. Waya mweusi ulikuwa umelala chini ya skrubu ya kurudi, umekazwa vizuri, kazi safi. Waya wa buluu ulikuwa umekwenda kwenye koili ya mkono. Kila kitu kilikuwa kama Kitale, na mimi peke yangu kati ya watu wote waliosimama pale nilijua kitakachotokea: mkono utaruka, moshi utatoka, na safari hii kitabu cha kazi, kilichojazwa na karani, kilikuwa na jina la Barasa. Mwenye kinu alikuwepo, karani wake alikuwepo, wapakiaji wote walikuwepo, wamekuja kutazama maajabu. Nilifunga kifuniko. "Iko sawa?" akauliza mwenye kinu. Nikasema, "Fundi ndiye anayejua." Barasa akapunga mkono, "Washa tu."

Nimeigeuza dakika hiyo kila upande kwa miaka yote hii na bado inabaki ilivyo. Tabitha alikuwa upande wa pili wa mkanda. Niliuona mgongo wake na kitambaa chake cha kichwa. Alikuwa akipangusa unga kwa kitambaa kwenye ule mkono wa chuma, kwa sababu alikuwa mtu wa usafi na alitaka kamera ipate mahali pazuri pa kuanzia. Sikuona vidole vyake viko wapi. Ningeweza kuuliza. Neno moja lingetosha, Tabi, toka hapo, na angetoka. Lakini kuuliza kungekuwa kusema kwamba ninajua mkono utaruka, na kusema hivyo kungemwokoa Barasa. Nikajiambia bila shaka ameshamaliza. Nikawasha. Mkono uliruka, harufu ikaja, nikaona uso wa Barasa ukibadilika rangi, na nikafurahi. Furaha hiyo ilikuwa ya kweli, ilinijaa hadi masikioni, na ilidumu mpaka niliposikia Tabitha.

Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilivunjika mahali pawili. Walimpeleka hospitali amefungwa kwa kile kile kitambaa cha kupangusia. Mimi nilibaki, na hapa ndipo nilipojua mimi ni mtu wa namna gani, kwa sababu hata baada ya kusikia kilio kile sikusimama. Nilikwenda kwenye begi langu nikatoa karatasi yenye mafuta, nikamsomea mwenye kinu mbele ya watu wote, mstari kwa mstari, kahawia, buluu, nyeupe, nyeusi, na kwa kila mstari nikamwonyesha kwenye sanduku mahali Barasa alipoweka. Barasa alisimama akiwa ameshika koleo. Alifukuzwa pale pale, na habari zikafika Kitale kabla hajafika yeye. Nilimfuata hadi getini ili nimwone akitoka. Aligeuka akaniuliza polepole, wala hakuwa na hasira, "Ulifungua kifuniko. Uliona, si ndiyo?" Nikamjibu, "Kama vile wewe ulivyoona Kitale." Akatikisa kichwa mara moja na kwenda zake. Hakumwambia mtu yeyote. Nilingoja siku nyingi niisikie hiyo habari kwa watu, na haikuja.

Kamera nyingine ilipoletwa nilipewa mimi. Kazi hiyo niliifanya kwa siku tatu, na nimeifanya hivyo hivyo hadi leo katika kila kiwanda nilichoingia. Kwanza ninazima, ninafunga swichi kwa kufuli, na ufunguo unakaa shingoni mwangu. Ninasoma karatasi ya kamera iliyo mbele yangu, hata kama nimeunganisha ishirini za jina lile lile. Waya unaosema siupeleki moja kwa moja kwenye mkono wa chuma, naweka rilei katikati, swichi inayowashwa na umeme mdogo, ibebe mzigo mzito, na kwenye koili ya rilei naweka dayodi, kizuizi kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwa sababu koili ikizimwa hutema umeme nyuma na kuua kilichoiamrisha. Nyaya nyembamba sizilazi pamoja na za mota. Nyaya zisizotumika nazivika tepu mmoja mmoja, zisigusane. Kisha mita, kila waya, kabla ya umeme kurudi. Na mwisho naita watu wote kwa majina yao, nawataka wanyooshe mikono juu niihesabu, ndipo nawasha. Vijana ninaofanya nao kazi hudhani hiyo ya mikono ni mzaha wangu. Ndani ya kila kifuniko huandika kwa kalamu nzito: WAYA MWEUSI SI WA KURUDI, na jina langu chini. Kwa miaka mingi niliandika hivyo ili kila fundi wa Magharibi anayejua kisa cha Barasa akifungua amcheke.

Kidole cha Tabitha hakikukunjika tena. Aliondolewa kwenye pakiti akapewa ufagio, na foleni ya Jumapili ikaisha, kwa sababu mistari ilianza kwenda upande. Tuliendelea kula pamoja. Alikuwa akishika tonge kwa vidole vingine, kile kimoja kimenyooka pembeni, kinanielekea mimi, na aliniambia zaidi ya mara moja, "Angalau wewe ulimsomea ile karatasi. Ulinitetea." Nilikula mrenda wake nikameza na hayo maneno.

Jumamosi nilifika Matulo mapema, kopo la majani ya chai ndani ya mkoba. Hema lilikuwa limejaa. Tabitha alikuwepo, amekaa safu ya akina mama wa kanisa wenye vitambaa vyeupe, na sikushangaa, kwa kuwa alikuwa ameolewa upande huo. Nilichoshangaa ni mwendesha shughuli alipomwita mbele kabla yangu. Alishika kipaza sauti kwa mkono wa kulia na kidole kikasimama peke yake, watu wote wakakiona. "Wengi mnajua hii kidole," akasema. "Na mnajua ni kazi ya nani. Lakini hamjui kwamba huyu mzee alikuja kwangu mwaka uliofuata, akapiga magoti kwa mlango. Akaniwekea stima nyumba nzima, na kila mwaka alikuwa anarudi kuangalia kama waya ziko sawa. Nilimuuliza mara moja, si hata ufunguo wa swichi ulikuwa na mtu mwingine? Akaniambia, mama, kosa ni yangu, usitafute mwingine. Kwa hivyo leo mbele ya Mungu na mbele yenu, nimemsamehe kabisa. Aende salama." Akina mama wakaitikia, amina, wakaanza wimbo, na wimbo ulipokwisha jina langu likaitwa.

Nilitembea hadi mbele. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya hotuba hiyo kwa miaka mingi, jikoni, bafuni, barabarani. Nilifungua mkoba, nikalishika kopo, nikasikia kile kipande kikigonga bati ndani. Mkewe Barasa aliniangalia kwa macho yaliyovimba. Ningeweza kuwaambia mambo ya Kitale na yote yangekuwa kweli. Lakini baada ya Kitale ni lazima ije Bungoma, na huyo aliyelala ndani ya sanduku alikuwa ameifunika Bungoma kwa mgongo wake mpaka mwisho, bila kuniomba chochote isipokuwa niende kumwona, nami nikasema angoje. Nilimchukia upya. Alikuwa ameninyang'anya hata hili. Nikasema, "Barasa ndiye aliyenifanya niwe fundi," nikarudi kukaa. Watu walipiga makofi kidogo, wakidhani nimezidiwa na huzuni.

Baada ya kaburi tulipewa chakula, wali na nyama na ugali, watu wakatawanyika na sahani zao chini ya vivuli vya nyumba. Nilimkuta Tabitha ameketi kwenye benchi nyuma ya jiko, nikakaa kando yake kama siku zile za magunia. Akanisogezea kipande cha nyama kutoka sahani yake. Nikamwambia, "Tabi, siku ile nilifungua kifuniko kabla ya kuwasha. Niliona waya mweusi uko wapi. Nilijua mkono utaruka, na nilijua uko upande ule. Niliwasha kwa sababu ya Barasa." Nilisema yote bila kupumzika, na nikaweka kile kipande kilichoungua kwenye benchi kati yetu, sijui kwa nini, labda ili awe na kitu cha kutazama zaidi ya uso wangu.

Alitafuna hadi akamaliza alichokuwa nacho mdomoni. Akanawa mkono wake kwenye bakuli, kidole kwa kidole, na kile kisichokunjika akakiosha mwisho. Kisha akanyoosha mkono, akakirudisha kile kipande cha nyama kwenye sahani yake.

"Huo msamaha nimetoa leo ni wa Barasa," akasema. "Ameshaenda nao. Wako, dada, ngoja."

Akachukua sahani yake akaenda kukaa na akina mama wa kanisa. Nimekuwa nikingoja tangu siku hiyo. Simu ikilia hutazama kwanza jina, na bado hajapiga.